Meza, Viti Viwili na Barua: Namna ya Kujifunza Tamthilia ya Kisasa ya Magharibi kwa Kuicheza

Uhalisia, usimboli, ekspreshonizimu, epiki, ubwege: majina haya ya mikondo ya tamthilia hukaririwa usiku wa kuamkia mtihani na kuyeyuka kesho yake. Mwanafunzi halaumiwi. Majina hayo hayasemi kitu mpaka umwone mwigizaji akibadilisha namna ya kukaa kitini.

Njia inayofuatwa hapa ni kuchukua onyesho moja la mistari kumi na kulicheza kwa kanuni za kila zama, kuanzia miaka ya 1870 hadi leo. Katika kila hatua jiulizeni swali moja: mtazamaji amepewa kazi gani? Achungulie, asikilize, ahukumu, angoje au ainuke? Vitabu vingi huanza na falsafa. Hapa tunaanza na samani.

Vitu na watu

Wanatosha watu 6 hadi 12. Wawili wanacheza, mmoja anaongoza, mmoja anashika taa, waliobaki wanatazama. Majukumu yazunguke kila kipindi. Tafuteni chumba cha angalau mita 6 kwa 5 kinachoweza kutiwa giza. Vifaa ni meza moja, viti viwili vinavyofanana, taa moja ya mezani, tochi mbili, utepe wa gundi wa karatasi wa mita 20, bahasha tatu, kadi ngumu kumi na kalamu nene, na simu yenye metronomu, yaani kipima mapigo. Panga vipindi vinane vya saa mbili mbili. Msiongeze vifaa hata mkiwa navyo, kwa sababu mkianza kuhangaikia maleba hamtaona tena kinachobadilika.

Onyesho lenyewe ni hili. Likaririwe na kila mtu, pande zote mbili, kabla ya siku ya kwanza:

A: Umechelewa.
B: Njia ilikuwa ndefu.
A: Umekula?
B: Nimekula.
A: Barua imekuja.
B: Ya nani?
A: Yako.
B: Umeifungua?
A: Keti kwanza.
B: Umeifungua?

Kiswahili kinatusaidia hapa: viambishi vyetu havisemi kama A ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo yeyote anaweza kushika nafasi yoyote.

Uhalisia: kujenga kuta nne, kisha kuondoa moja

Jukwaa la katikati ya karne ya 19 lilikuwa la nyota. Mwigizaji maarufu alisogea mbele katikati, akaielekea hadhira, akatoa maneno yake kwa sauti kubwa, huku nyuma yake kukiwa na milango na rafu zilizochorwa kwenye turubai. Mabadiliko yalianza kwa nidhamu. Kundi la Georg wa Pili, mtawala wa Saxe-Meiningen nchini Ujerumani, lilizunguka Ulaya kati ya 1874 na 1890 likionyesha umati ambao kila mtu ndani yake ana jambo lake la kufanya. Tarehe 21 Desemba 1879, mjini Copenhagen, ikachezwa "Nyumba ya Mwanasesere" ya Henrik Ibsen wa Norway, ambamo Nora anamwacha mume na watoto na kufunga mlango nyuma yake. Nchini Ujerumani mwigizaji mmoja alikataa kucheza mwisho huo, na Ibsen, kwa shingo upande, akaandika mwingine ambao Nora anabaki. Mtu hagombani hivyo na kitu anachokiona ni mchezo tu. Watazamaji waliona nyumba zao.

Hatua za zoezi:

Kwanza, bandika utepe sakafuni kuonyesha chumba cha mita 4 kwa 3, kuta zote nne, na uache mlango wa sentimita 80. Amueni dirisha liko wapi na nje kuna nini. Pili, chezeni mara mbili kuta zikiwa kamili, watazamaji wakizunguka nje ya utepe. Tatu, chagueni ukuta wa kuondoa. André Antoine, aliyekuwa karani wa kampuni ya gesi kabla ya kuanzisha Théâtre Libre mjini Paris mwaka 1887, alisisitiza kwamba chumba kipangwe kikiwa na pande zote nne ndipo upande wa hadhira ufunguliwe. Mkianza na upande uliofunguliwa tayari, viti vyote viwili vitaelekea mbele kama vya studio ya picha.

Nne, kila mwigizaji aandike kitenzi kimoja kando ya kila mstari, na kiwe kitenzi cha kumtendea mwenzake: kumshtaki, kumkwepa, kumpima, kumpoza. "Kuwa na huzuni" hakikubaliki, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kutenda huzuni. Atakunja uso, basi. Tano, B atoke nje dakika tano nzima na aingie akijua ametoka wapi, amebeba nini, na viatu vyake vina nini. Haya ndiyo maswali ambayo Konstantin Stanislavski, mwongozaji wa Urusi, aliwauliza waigizaji wake.

Makosa ni matatu. Waigizaji hunong'ona wakidhani ukweli ni sauti ndogo. Dawa yake ni kumweka mtazamaji mmoja kwenye kona ya mbali na kumpa ruhusa ya kuinua mkono asiposikia. Kosa la pili ni kuburuta: onyesho hili likizidi sekunde 50, kuna mtu anafurahia hisia zake. La tatu ni kujaza meza vitu. August Strindberg wa Sweden, katika dibaji ya tamthilia yake "Binti Julie" (1888), alilalamikia milango ya turubai inayotikisika ikiguswa na vyombo vya jikoni vilivyochorwa ukutani. Hakuwa anaomba vyombo vingi. Aliomba vichache vya kweli, na pia taa za ukingoni mwa jukwaa ziondolewe kwa sababu zinamulika nyuso kutoka chini na kuzifuta.

Suala la taa linahitaji neno. Mwaka 1881 ukumbi wa Savoy, London, ulikuwa jengo la kwanza la umma duniani kuangazwa lote kwa umeme. Mwanga ulio thabiti na unaodhibitika huruhusu ishara ndogo ya kidole ionekane. Kwa hiyo zimeni taa upande wa watazamaji na muache chumba cha utepe tu kiwe na mwanga. Mtaona papo hapo jinsi watazamaji wanavyonyamaza. Kazi yao imekuwa kuchungulia.

Sasa mchezeni Anton Chekhov, mwandishi wa Urusi. Sogeza uzito wote kwenye mstari wa tatu, "Umekula?", na mtu asiguse suala la barua kwa sauti wala macho hadi litajwe. A awe anakunja nguo, au anahesabu kitu. Asiache kukifanya hata mara moja. Maneno yako juu, jambo liko chini. Tamthilia yake "Shakwe" ilianguka vibaya St. Petersburg mwezi Oktoba 1896, watazamaji wakacheka pasipostahili. Desemba 1898 ukumbi mpya wa sanaa wa Moscow, wa Stanislavski na Nemirovich-Danchenko, uliicheza maneno yakiwa yaleyale na ikafanikiwa kiasi kwamba shakwe akawa nembo ya ukumbi huo. Ushindi wa kundi hilo ulitokana na mazoezi marefu ya pamoja. Chekhov mwenyewe aliendelea kulalamika kwamba Stanislavski anamgeuza kuwa mwandishi wa machozi. "Bustani ya Micheri" (1904) aliiita komedi. Jaribuni kuicheza mistari yetu mara moja mkitafuta kicheko. Kitapatikana, mara nyingi kwenye "Nimekula."

Jambo la kiutawala: nyingi ya tamthilia hizi hazikuruhusiwa. "Mizuka" ya Ibsen ilionyeshwa kwanza Chicago mwaka 1882 baada ya kumbi za Skandinavia kuikataa. Théâtre Libre, Freie Bühne ya Berlin (1889) na Independent Theatre ya London (1891) zilifanya kazi kama klabu za wanachama waliolipa ada, ili onyesho lihesabiwe kuwa la faragha na mdhibiti wa serikali asiwe na la kusema. Uingereza haikufuta udhibiti huo wa jukwaa hadi 1968.

Usimboli: mgeni asiyeonekana

Maurice Maeterlinck, Mbelgiji, aliandika mwaka 1890 tamthilia fupi ambamo familia imekaa kuizunguka meza yenye taa, mgonjwa yuko chumba cha pili, na babu kipofu pekee anahisi kuna mtu ameingia. Aliyeingia ni kifo. Onyesho letu lina meza, taa na mtu anayeingia, basi tumepata bahati.

Zimeni taa zote isipokuwa ya mezani, mkiisogeza pembeni ili kivuli cha B kiingie ukutani kabla yake. Ondoeni vitenzi vyote mlivyoandika. Kila mstari usemwe kwa sauti bapa, ukifuatiwa na pumzi moja kamili. Macho ya A yatazame nafasi iliyo kando ya B, nusu mita hivi. Watazamaji wataanza kuitazama nafasi hiyo tupu bila kuambiwa.

Kosa hapa ni sauti ya kuimbaimba, kama ya mahubiri. Ikitokea, punguza sauti mpaka ikaribie mazungumzo, lakini pumzi ibaki. Mkipenda, rudieni mkiwa na meza peke yake, mkitumia tochi mbili kutoka pembe tofauti. Adolphe Appia wa Uswisi na Edward Gordon Craig wa Uingereza walitaka mwanga, ngazi na kivuli vifanye kazi ya mandhari yaliyochorwa, na dakika kumi na tochi zitakufundisha zaidi ya kurasa mia juu yao.

Alfred Jarry tunampita haraka: Desemba 1896 mjini Paris tamthilia yake "Ubu Roi" ilifunguliwa kwa tusi lililoharibiwa herufi moja, ukumbi ukachafuka. Kwa zoezi, A ashike sauti ya kikaragosi na bahasha iwe kubwa kama mlango. Mcheke, mwendelee.

Ekspreshonizimu na mwili wa Meyerhold

Waandishi wa Kijerumani wa miaka ya 1910 na 1920, kama Georg Kaiser na Ernst Toller, waliacha kuonyesha chumba wakaonyesha chumba kinavyoonekana na mtu anayekaribia kupasuka. Chagueni nani mwenye kichwa hicho, tuseme B. Kuanzia hapo yeye pekee ni mtu, A ni mashine. Lugha yao ilikatwa kama ya telegramu. Kwa Kiswahili, kata viambishi ubakize majina: "Saa. Mlango. Wewe." badala ya "Umechelewa." Andikeni upya mistari yote kumi hivyo, kila mmoja usizidi maneno matatu.

Kisha washeni metronomu kwa mapigo 72 kwa dakika. Idadi hiyo imetoka kwa Eugene O'Neill: katika "Mfalme Jones" (1920) aliagiza ngoma ianze kwa mapigo 72, mwendo wa kawaida wa moyo, na iongezeke kasi hadi mwisho. Ongezeni mapigo 8 baada ya kila mstari. Mkifika wa kumi mko kwenye 144. Ngoma iendeshe, waigizaji wafuate. Wakiipuuza na kupiga kelele tangu mwanzo, hawana pa kupanda. Hilo ndilo kosa la kila kundi linaloanza, na kwa kweli ndilo kosa la tamthilia nyingi za wakati ule.

Vsevolod Meyerhold alikuwa mwigizaji wa kundi la Moscow kabla ya kumkataa Stanislavski. Katika mfumo wake wa biomekanika kila tendo hutanguliwa na tendo dogo la kinyume: anayetaka kupiga hurudisha mkono, anayetaka kuketi huinuka kidole kimoja kwanza. Fanyeni "Keti kwanza" mara ishirini: B ajivute nyuma, aende kitini, asimamishe mwili kabisa. Sehemu tatu, zenye mpaka ulio wazi. Kiti kimekuwa chombo cha mazoezi ya viungo. Mwaka 1940 utawala wa Stalin ulimpiga Meyerhold risasi, na jina lake likafutwa kwa miaka mingi. Hii ndiyo sababu athari yake katika vitabu vya zamani inaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Brecht: washeni taa

Tengeni vipindi viwili hapa. Bertolt Brecht wa Ujerumani, bwana wa tamthilia ya epiki, ndiye anayetajwa zaidi na kuchezwa vibaya zaidi.

Washeni taa zote, za jukwaani na za watazamaji, na ziachwe zionekane zinakotoka. Ondoeni utepe. Kwenye kadi andikeni kitakachotokea: "Mtu anarudi nyumbani. Mwenzake ameshaisoma barua." Kadi isimamishwe mbele kabla ya kuanza. Mtazamaji akishajua *nini*, macho yake yanahamia kwenye *vipi*, naye anapata nafasi ya kuwaza kwamba ingeweza kwenda vingine.

Kisha fuateni mbinu tatu ambazo Brecht aliwapa waigizaji kwa mazoezi: kusema kwa nafsi ya tatu, kusema kwa wakati uliopita, na kusoma maelekezo ya jukwaani kwa sauti. Lugha yetu imezaliwa na kifaa hicho. Tumieni -ka-: "Akaingia. Akasimama mlangoni. Yule mwingine akamwambia: Umechelewa. Akajibu, bila kumtazama: Njia ilikuwa ndefu." Kila mwigizaji asimulie mistari yake yote mara tatu. Baada ya hapo rudini kwenye mistari mitupu, lakini ile "akamwambia" ibaki kichwani. Mwigizaji atasema maneno kama shahidi anayeonyesha wapita njia jinsi ajali ilivyotokea, mfano ambao Brecht mwenyewe aliutumia.

Zoezi la pili: "siyo hili, ila lile". Kabla ya "Keti kwanza", A aonyeshe kwa mwili kwamba angeweza kutoa barua. Mkono uende mfukoni, usimame, urudi. Mtazamaji aone njia isiyochukuliwa. La tatu: tafuteni tendo moja linaloonyesha uhusiano wa watu hawa na fedha, kazi au mamlaka. Helene Weigel, akicheza mhusika mkuu wa "Mama Courage" ya Brecht mjini Berlin mwaka 1949, aliuma sarafu kuhakikisha ni halali. Tendo moja, biashara yote ya vita ndani yake. Katika onyesho letu, jiulizeni nani mwenye kiti. Je, A anavuta kiti kwa mguu? Anakifuta kwanza? B anakaa kabla ya kuruhusiwa?

Kosa kuu ni ubaridi. Watu husikia kwamba Brecht alitaka tamthilia igenishe mambo ya kawaida, wakadhani mwigizaji asihisi kitu. Weigel huyohuyo alitoa ukelele usio na sauti, kinywa wazi, ambao hakuna aliyeuona akausahau. Hisia zinaruhusiwa, kinachokatazwa ni kumzamisha mtazamaji mpaka asahau kuuliza. Tena Brecht mwenyewe hakufaulu kila mara. "Mama Courage" ilipofunguliwa Zürich mwaka 1941, watazamaji walimlilia mama kama shujaa wa msiba, na kwa onyesho la Berlin aliongeza mistari inayomwonyesha mfanyabiashara mgumu zaidi. Kwa hiyo baada ya kucheza waulizeni watazamaji: "A angefanya nini tofauti?" Wakijibu "Maskini B", hamjafika. Wakianza kubishana, kaeni kimya muwaache.

Antonin Artaud alikuwa anataka kinyume kabisa katika miaka hiyohiyo: kelele, mwili, mtazamaji azingirwe na mchezo. Aliacha maandishi mengi na maonyesho machache, kwa hiyo zoezi la uhakika la kumhusu halipo.

Utepe unarudi: Marekani, 1949

Rudisheni chumba cha mita 4 kwa 3. Katika "Kifo cha Mchuuzi" cha Arthur Miller (1949) maelekezo yanasema hivi: matukio ya sasa yakichezwa, waigizaji wanaheshimu mistari ya kuta na kuingia kwa mlango, ya zamani yakichezwa, wanapita ukutani. Chezeni mistari mitano ya kwanza kwa mlango. Kwenye "Ya nani?" B apite utepe na kusogea mbele: tuko miaka kumi nyuma, siku barua ya kwanza ilipofika. Mistari miwili baadaye arudi kwa mlango. Mtazamaji atafuata bila kelele wala mabadiliko ya taa, mradi hakuna anayekanyaga utepe kwa uzembe. Akikanyaga mara moja tu, kanuni imekufa na zoezi lianze upya.

Ubwege: kungoja bila barua

Eugène Ionesco alianza "Mwimbaji Mwenye Kipara" (1950) kutokana na sentensi za kitabu cha kujifunzia Kiingereza. Samuel Beckett alifuata na "Kumsubiri Godot", iliyofunguliwa Théâtre de Babylone, Paris, tarehe 5 Januari 1953 chini ya Roger Blin. Jina la mkondo, ubwege, yaani maisha yasiyo na maana wala mantiki, lilibandikwa baadaye, mwaka 1961, na mhakiki Martin Esslin. Waandishi wenyewe hawakuwa chama.

Bahasha sasa iwe tupu, na waigizaji wajue hivyo. Chezeni onyesho lote, kisha bila kusimama lirudieni tangu "Umechelewa", A na B wakiwa wamebadilishana viti na kitu kimoja tu kikiwa tofauti: kofia, kiatu, mkono ulioshikwa. Mstari wa mwisho ukiisha, kaeni bila kutikisika hesabu 15. Kazi ya mtazamaji ni kungoja, na kungoja kunamchosha kweli; ndiyo maana mwaka 1957 wafungwa wapatao 1,400 wa gereza la San Quentin, California, waliielewa "Godot" bila maelezo waliyoyahitaji wasomi.

Mkosi wa zoezi hili ni kucheza "ubwege", yaani kutoa macho na kutembea kwa miguu ya ajabu. Mtu wa Beckett hajui kwamba yuko kwenye tamthilia ya ubwege. Anaumwa mguu, anataka buti litoke. Rudini kwenye vitenzi vya kipindi cha kwanza na muvicheze kwa bidii ileile. Kicheko kitakuja chenyewe, na ndicho kitakachouma.

Harold Pinter, mwandishi wa Uingereza, anastahili nusu saa yake, kwa usahihi wa alama. Ana nukta tatu, ana "kimya kifupi", ana "kimya". Nukta tatu: mtu anatafuta neno, hesabu moja. Kimya kifupi: mawazo yanaendelea, mwili umekaza, hesabu tatu. Kimya: jambo limeisha na lingine lazima lianze, hesabu sita au zaidi. Hesabu hizi ni za kuanzia tu. Wekeni kimya kifupi baada ya "Yako." na kimya kabla ya mstari wa mwisho, kisha vibadilisheni nafasi. Onyesho linageuka kuwa tishio bila neno kuongezwa. "Sherehe ya Kuzaliwa" yake ilifungwa London baada ya wiki moja mwaka 1958. Wahakiki walikuwa bado hawajajifunza kusikiliza nafasi hizo.

Kuondoa samani, kisha kumwinua mtazamaji

Mwongozaji Jerzy Grotowski alianza maabara yake ya maigizo Opole, Poland, mwaka 1959, akaihamishia Wrocław mwaka 1965. Aliuliza: ukiondoa maleba, vipodozi, mandhari, taa na muziki, kinabaki nini? Mwigizaji na mtazamaji. Basi toeni meza na viti nje. Pangeni watazamaji wakae sakafuni mduara, umbali wa mita moja kutoka kwa waigizaji, na "Keti kwanza" ichezwe bila kiti. Watazamaji wataona jasho na kusikia koo. Angalieni usalama: mtu asitumie kumbukumbu ya kidonda chake halisi kutafuta machozi mbele ya wenzake. Mvutano huu ni wa zamani. Mwaka 1934 Stella Adler alirudi kutoka kwa Stanislavski mjini Paris akiwaambia wenzake wa Group Theatre, kundi la New York, kwamba mwalimu huyo anasisitiza hali za tamthilia na mawazo ya mwigizaji kuliko kufukua majeraha. Mwenzake Lee Strasberg hakukubali, na mgawanyiko huo haujapona.

Augusto Boal wa Brazil alikwenda mbali zaidi. Akiwa uhamishoni, nchini Peru mwaka 1973, alikuza tamthilia ya jukwaa huria, ambayo mtazamaji anaingia kucheza. Utaratibu ni mkali kuliko watu wanavyodhani. Kwanza onyesho lazima liwe na mtu anayenyimwa haki waziwazi. Tuseme A ana mamlaka juu ya B na amefungua barua yake. Lichezeni lote mara moja, B akishindwa. Lichezeni tena. Safari hii mtazamaji yeyote aseme "Simama!", achukue nafasi ya B, ajaribu njia yake. A anaruhusiwa kupinga kwa nguvu zake zote. Msimamizi haamui nani kapatia, anauliza tu, "Je, hili linawezekana?" Mtazamaji asichukue nafasi ya A, kwa sababu kumgeuza mwenye nguvu ghafla kuwa mwema ni uchawi, na ukumbi una haki ya kupaza sauti: "Uchawi!" Boal baadaye alikuwa diwani wa Rio de Janeiro, 1993 hadi 1996, na mbinu hii ikazaa sheria 13.

Leo: mistari isiyo na wenyewe

Futeni herufi A na B. Mistari kumi ibaki mitupu, kila mmoja kwenye karatasi yake, na igawiwe kwa watu watano bila mpango. Martin Crimp alifanya karibu hivyo mwaka 1997 katika tamthilia ya maonyesho 17 ambayo mstari unaanza kwa kistari tu, na Sarah Kane katika kazi yake ya mwisho, iliyochezwa ukumbi wa Royal Court, London, mwaka 2000 baada ya kifo chake, hakutaja wahusika kabisa. Mtazamaji anaunganisha mwenyewe nani ni nani. Kabla ya kucheza, kundi liamue angalau jambo moja kwa uthabiti, kwa mfano kwamba sauti zote tano ziko ndani ya barua. Kundi lisiloamua chochote huishia kusoma karatasi.

Jaribuni pia alama ya mkwaju (/) ya Caryl Churchill. Katika "Top Girls" (1982) alama hiyo huonyesha pale msemaji wa pili anapoanza kabla wa kwanza hajamaliza: "Barua / imekuja." "Ya nani?" Kosa ni kupaza sauti ili ushinde. Kila mmoja aendelee kwa kiwango chake, na sikio la mtazamaji lichague.

Kwa tamthilia ya maneno halisi, yaani iliyotungwa kwa maneno yaliyosemwa na watu wa kweli, kama ya Anna Deavere Smith (1992) au ile ya mji wa Laramie (2000) iliyotokana na mahojiano zaidi ya 200, mhojini mtu kuhusu barua aliyoingoja. Pateni idhini ya maandishi inayotaja kurekodi, kuhariri na kucheza hadharani. Nukuuni dakika tatu zikiwa na kila "eeh" na kila sentensi iliyokatika. Dakika tatu za sauti huchukua karibu nusu saa kuandika. Msisafishe lugha, maana mtu anakaa katika kigugumizi chake.

Mwisho kuna haki za kucheza. Ibsen, Strindberg na Chekhov wako huru, lakini tafsiri wanayotumia watu huenda haiko. Brecht alikufa 1956, kwa hiyo katika nchi zinazolinda kazi miaka 70 baada ya kifo yuko chini ya ulinzi hadi mwisho wa 2026. Beckett alikufa 1989, na wasimamizi wa kazi zake wanajulikana kwa kukataa mabadiliko ya maelekezo. Ombeni kibali kwa maandishi kabla ya kubandika tangazo la kwanza, mtaje idadi ya maonyesho na viti vya ukumbi, na msikate hata kimya kimoja bila kuuliza.